Tumbaku ya Marehemu

Godhana alipokufa aliacha mke mmoja, shamba moja la tumbaku ukingoni mwa mto Tana, na kiko kimoja cha maji kilichokuwa na sifa kumshinda yeye mwenyewe.

Mke ndiye Dado. Shamba lilikuwa juu kidogo ya Ngao, pale mto unapojaa ukamwaga tope jeusi, kisha ukarudi kwake ukaliacha. Na tumbaku ikipandwa katika tope lile jani lake huja pana kama sikio la ndovu. Kiko nacho kilikuwa kifuu cha nazi cha kutilia maji, digali la mti mweusi la kuuteremsha moshi mpaka majini, mrija wa kuvutia, na juu kabisa toza la udongo la kuwekea tumbaku na kaa la moto. Ukikitazama hukioni cha ajabu. Ukikivuta ndipo unapotaka kujua jina la mwenyewe.

Waorma waliokuja kunywesha ng'ombe Garsen, ambako miaka ile hapakuwa na mji wala duka, walikuwa wakipindisha safari makusudi wapite kwa Godhana. Wachuuzi wa Kau waliopanda mto na nguo nao hivyo hivyo. Walivuta, wakafumba macho, wakauliza.

"Tumbaku gani hii, Godhana?"

"Nachanganya."

"Unachanganya nini na nini?"

"Nachanganya tumbaku na tumbaku," alikuwa akisema, kisha akicheka mpaka akohoe, na maneno yakaishia hapo.

Kazi ya Dado ilikuwa kuwasha. Kwao mke wa mvuta kiko ndiye aliyeweka kaa, akavuta yeye kwanza mpaka moshi ushike njia, ndipo akampa mume. Kwa hiyo hakuna kiko cha Godhana ambacho Dado hakukianza, na kama utamu wa moshi uko mwanzoni, basi utamu wote aliumaliza Dado, mume akabaki kuvuta makombo. Hili hakumwambia mtu.

Matanga yakaisha, na zikaja siku za watu kumtazama mjane kama wanavyoutazama mpunga ulioiva. Mila ilikuwa wazi. Mjane hurithiwa na ndugu wa mume, na ndugu alikuwepo, jina lake Buya, akikaa kwenye kona ya mto ya chini.

Buya hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Dado. Mtu mbaya hukataliwa kwa kelele na majirani wakakusaidia kupiga kelele. Buya alikuwa mtu mwema mwenye maneno mengi, mke mmoja, watoto wengi na jiko dogo. Dado alikwisha kujiona mle jikoni: ameonyeshwa pembe ya kuweka mkeka wake, anaambiwa chungu kile usikiguse, anaulizwa kila asubuhi anakwenda wapi. Yeye alitaka jambo moja tu katika dunia iliyobaki. Alitaka azeeke katika nyumba yake, kwenye ukingo wake, apande tumbaku yake, na akitoka nje asubuhi asimjibu mtu.

Gasa, baraza la wazee, likamwita. Mahadi, mkubwa wao, alimuuliza kwa upole kama anakubali kwenda kwa Buya.

"Mila ni mila, baba," Dado akajibu, macho chini. "Siwezi kupinga. Ila marehemu aliacha neno."

Neno la marehemu ni kitu kizito.

"Aliniambia, Dado, nikifa usiende kwa mtu yeyote ila anayeijua tumbaku yangu."

Godhana hakusema hivyo hata kidogo. Maneno ya mwisho ya Godhana yalikuwa, "Mchuzi huu mbona hauna chumvi?" nayo hayafai kupelekwa mbele ya Gasa. Dado alikuwa amepiga hesabu yake. Mchanganyiko ule hakuna aliyeujua. Buya angechanganya mpaka mvi zimshuke kifuani, na yeye angekaa kwake akingoja, mtiifu wa mila asiye na lawama.

Mahadi akafikiri. Wenzake wakafikiri. Kisha Mahadi akasema, "Neno jema. Mwezi ukiandama, Buya ataleta tumbaku. Tutaionja mimi, na Duba, na yule Jatani wa Waorma, maana ndio tuliokuwa tukivuta naye. Tukisema ndiyo yenyewe, Dado, utafunga mkeka wako."

"Naam, baba."

"Na tumbaku ya mtu huonjwa kwa kiko chake. Kiko utakuja nacho wewe."

"Naam, baba," akasema tena, wala hakuona alipoingia.

*

Mke wa Buya aliitwa Mwanasha. Mwezi ulipokuwa umebaki uzi tu, alikuja kwa Dado amebeba ungo kichwani, eti anaurudisha, na ungo wenyewe hakuwahi kuuazima. Alikaa kizingitini, akatazama huku na huku.

"Mwenzangu," akasema, "mimi sikupendi, na wewe hunipendi. Tusidanganyane."

"Kweli tupu. Karibu ndani."

"Basi tusaidiane. Jiko langu linanitosha mimi na watoto wangu na wale kuku. Ukija wewe, mmoja wetu atapika mvuani."

"Utakuwa wewe."

"Nitakuwa mimi! Maana mjane watu humwonea huruma!" Mwanasha akapiga paja. Kisha akafungua pindo la kaniki yake, akatoa tumbaku kidogo iliyofungwa katika jani la mgomba. "Hii ndiyo anayoitengeneza. Ionje, uijue kasoro yake, siku ile uwe na la kusema."

"Ametia nini?"

"Usiulize. Tumbaku ya Kau iliyolowa safarini ikafanya ukungu. Na asali iliyoingiwa na siafu. Na majani ya sijui nini. Anachanganya huku akisema peke yake, anaonja, anatema, anachanganya tena. Watoto wanakohoa. Mbuzi amehama, analala kwa jirani."

Dado akaipeleka puani. Ilinuka kama gunia lililosahauliwa mvuani. Moyo wake ukatua. Akakishusha kiko kutoka pale kilipokuwa kimetundikwa tangu msiba, akaongeza maji kidogo, akatia tumbaku ya Buya katika toza, akaweka kaa, akavuta.

Maji yakalia ndani ya kifuu. Moshi ukaja.

Kwanza ukali mdogo kwenye ncha ya ulimi, kama mtu anabisha hodi. Halafu ukali ukaondoka, ukaja ulaini wa samli ukateleza mpaka kooni. Na mwisho kabisa, wakati moshi umekwisha kutoka na mtu hadhani kuna kitu tena, ikapanda nyuma ya pua ile harufu ya ukingo wa mto asubuhi maji yalipopwa, tope jeusi na majani mabichi na baridi.

Dado akautoa mrija mdomoni. Alitazama mlangoni, akajikuta anasogeza miguu, kama anavyosogeza mtu mwenye nyumba akiingia.

"Vipi?" Mwanasha akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Yenyewe nini?"

"Tumbaku ya Godhana."

"Muongo! Mimi nimeona alivyotia!"

Dado akainuka. Alimwaga toza, akachukua jani lake mwenyewe, jipya, halijavundikwa, jani ambalo kwa kawaida hukwaruza koo kama ganda la nanasi. Akalisokota, akalitia, akawasha. Ukali kidogo, samli, ukingo wa mto. Akatia vumbi la tumbaku lililobaki chini ya kapu, lenye mchanga. Ukali kidogo, samli, ukingo wa mto. Akampa Mwanasha mrija. Mwanasha alivuta, akakohoa, akavuta tena, na uso wake ukabadilika.

"Shemeji huyu," akasema polepole. "Basi si tumbaku. Ni kiko."

"Ni kiko."

Sasa Dado aliyaona yote kwa mpangilio. Godhana hakuwa akimwaga maji yote ya kifuu. Humwaga nusu, huongeza nusu, na ole wako umwage yote. Digali hakuwa akilichokoa. Miaka yote ya ndoa yao moshi ulikuwa umepita katika mti ule, ukaganda ndani yake tabaka juu ya tabaka, mweusi kama lami, na kila tumbaku iliyopita iliacha kitu na kuchukua kitu. Chochote ukitie juu, chini anakutokea Godhana.

Na wazee wamesema tumbaku itaonjwa kwa kiko kile kile. Buya angeweza kuja na nyasi akafaulu.

"Hebu acha kukaa kama umemeza mwiba," Mwanasha akasema. "Kioshe! Jivu na mchanga, mara moja tu. Ukishakiosha, hiyo takataka ya mume wangu itawakaba koo wale wazee hadi waombe maji. Utakaa kwako, na mimi nitakaa kwangu. Jepesi kuliko kupepeta mchele."

"Ndiyo," Dado akasema. "Jepesi."

*

Jua lilikuwa bado juu aliposhuka mtoni. Pale penye ua wa miti iliyochimbiwa majini kuzuia mamba, wanawake walikuwa wamekwisha kuondoka, na palikuwa na ukimya. Dado akachuchumaa. Alikuwa na kifuu cha jivu katika mkono mmoja na kiko katika mkono mwingine. Akaling'oa toza, akalichomoa digali, akalilaza mapajani.

Kwanza alikasirika. Watu walikuja kutoka mbali kumsifu yule bwana, naye alikaa pale anatabasamu kama mganga. Nachanganya! Alichanganya nini? Dado alikumbuka vile alivyomwona akijaza toza miezi ya mwisho, mkono unatetemeka, anachota kapuni bila kutazama. Huenda kwa miaka hakuchanganya chochote. Huenda mwenyewe alijua, akawa anawacheka. Au hakujua, akawa anaamini sifa zake kama wengine. Kati ya hayo mawili Dado hakuweza kuchagua lipi lilimuudhi zaidi.

Lakini hasira haikukaa. Kiko hakikuzaliwa hivyo. Alikumbuka mwanzo, alipokuwa bibi arusi asiyejua hata kuweka kaa, moshi wa kiko kile ulikuwa moshi tu, tena mkali, na yule kijana Godhana alihangaika kweli, akitia jani la ukingoni na jani lililoota katika boma la zamani la ng'ombe wa Jatani, akivundika, akianika, akionja, akimuuliza, "Hii je?" Yeye Dado alikuwa akijibu, "Bado." Aliendelea kujibu bado mpaka siku moja akasahau kujibu, akaendelea kuvuta. Kwa hiyo ladha ile waliijenga. Ilikuwa humu ndani, imeganda.

Akaingiza kidole katika tundu la digali, kikatoka cheusi. Akakinusa.

Nguo za Godhana zilikwisha kugawiwa. Mkuki alichukua Buya. Sauti yake ilianza kumponyoka. Juzi alijaribu kuikumbuka akapata kikohozi tu. Katika vitu vyote vya Godhana vilivyobaki juu ya ardhi, ni hiki peke yake ambacho mtu angekitia kinywani akasema, huyu hapa. Na jivu lilikuwa tayari mkononi.

Akikiosha, atabaki na nyumba, wala Godhana hatakuwamo. Asipokiosha, atakuwa na Godhana, amembeba kwapani, wanakwenda wote wawili kukaa kwenye pembe ya jiko la Mwanasha.

Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mara mbili aliuzamisha mkono wenye jivu, mara mbili akauondoa. Kuzika mtu mara moja ni kazi. Kumzika mara ya pili kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa mchanga wa kusugulia vyungu, hapana. Akaligeuza lile jivu mtoni. Maji yakalichukua kuelekea Kipini.

Akalirudisha digali, akalirudisha toza, akapanda ukingo. Alikuwa ameshindwa na alijua ameshindwa, na alitembea kama mtu aliyeshindwa anavyotembea, anatazama chini. Ndiyo maana alikiona kitu njiani. Ng'ombe wa Jatani walikuwa wamepita pale asubuhi, na jua lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake.

Dado akasimama. Akakitazama kile kitu. Akakitazama kiko. Kisha akaanza kucheka peke yake katikati ya njia, akainama, akaokota, akafunga katika pindo la kaniki.

*

Gasa lilikaa katika banda la Mahadi. Watu walijaa nje, maana kesi ya tumbaku ina raha kuliko kesi ya mpaka. Duba alikuwa amekaa kushoto, mzee mnene ambaye pua yake ilizibwa na ugoro tangu ujana na kwa hiyo alihukumu tumbaku kwa rangi ya majivu. Jatani alikaa kulia, mrefu, shuka begani, fimbo kati ya magoti. Kiswahili chake kilikuwa cha njia ya ng'ombe, kifupi na kinachofika.

Buya akasimama, akaanza. Alieleza udugu. Alieleza walivyolelewa, walivyovua kambare pamoja, jinsi alivyokesha akitafuta ladha ile, majani aliyoyajaribu, na ndoto aliyoota.

"Buya," Mahadi akamkatiza, "tumbaku haivutwi kwa masikio. Kaa."

Dado akajaza, akawasha, akavuta za kwanza kama ilivyo ada, akampa Mahadi. Mahadi alivuta, akauzuia moshi kinywani, akautoa puani polepole, macho yamefumba. Akavuta tena. Banda zima lilikuwa linasikiliza maji yanavyolia. Akampa Duba. Duba akavuta, akachungulia majivu, akayapuliza. Akampa Jatani.

"Mwanzo una uchungu kidogo," Duba akasema.

"Alikuwa nao sikuzote," Mahadi akasema. "Unabisha hodi, unaondoka. Sikiliza unavyokuja nyuma."

"Mimi nyuma sisikii."

"Wewe pua yako ni gogo."

Jatani alivuta mara moja tu. "Godhana rafiki yangu," akasema. "Moshi yake najua. Hii yake."

Mahadi akaitika kwa kichwa. "Ni yake."

"Ni yake," Duba akasema, asipitwe.

"Kweli?" Buya aliuliza, na mdomo ukabaki wazi, kwa maana katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyeshangaa kumshinda yeye.

Nje vigelegele vikaanza. Mwanasha, aliyekuwa amesimama na wanawake, akamtazama Dado kwa macho ya kumkaanga. Dado akapiga magoti mbele ya wazee.

"Baba zangu, nimesikia. Nina ombi dogo la mjane. Miaka yote niliwasha kiko hiki, na mimi nina mchanganyiko wangu. Nipeni nafasi nijaze mara moja, mlinganishe. Mkiona wangu uko chini ya ule wa shemeji, nafunga mkeka leo hii, simwagi chozi."

Wazee wakatazamana. Kwa haki hapakuwa na haja. Lakini moshi ule ulikuwa umewarudishia mtu wao, na hakuna hata mmoja aliyetaka kikao kiishe.

"Jaza," Mahadi akasema.

Dado akawapa mgongo, akamwaga toza, akajaza, akaweka kaa. Hapa palikuwa na jambo ambalo alilifikiria njia nzima: mwenye kuwasha ndiye mwenye kuanza. Akavuta. Hakukunja uso. Moshi ulikwaruza, ukasitasita, kisha ukashuka majini na kupanda, na, haya, Godhana akaja. Ana harufu ngeni kidogo, kama mtu aliyerudi kutoka safarini, lakini ni yeye. Kama angekuwa hai angecheka mpaka aangukie mgongo.

Akampa Mahadi.

"Ah!" Mahadi akasema. Akavuta tena, kwa pupa kidogo. "Ah, jamani. Ile ya Buya ni Godhana anapoamka asubuhi. Hii ni Godhana amekwisha kula, ameshiba, amenyoosha miguu."

"Majivu meupe," Duba akasema. "Majivu ya heshima."

Jatani alivuta, akafumbua macho ghafla. "Hii! Hii zaidi! Ndani nasikia boma yangu. Nasikia nyumbani kabisa."

"Hii imeishinda," Mahadi akatoa hukumu. "Mama, usitufiche. Umetia nini?"

Dado akafungua pindo lake, akaliweka chini mbele yao.

"Majani makavu ya mgomba, baba, nimeyachomoa kwenye paa langu linalovuja. Na hiki."

Wakainama wote watatu. Jatani ndiye aliyetambua kwanza, kama ilivyostahili.

"Hiyo ya ndama," akasema.

"Ya ndama wako, alipita njia ya mtoni asubuhi moja. Imekauka vizuri."

Kisha Duba akageuka kando akatema, na akatema tena. Mahadi alikuwa anatafuta maji kwa mkono bila kutazama. Jatani alishika fimbo kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka, na mara kicheko kikamtoka, shuka ikamwanguka begani hakuiokota. "Mimi nilisema! Boma yangu! Si nilisema?"

"Mwanamke," Mahadi akasema, sauti imepanda, "umetuvutisha mavi?"

"Nimewavutisha kiko mlichoniagiza nije nacho, baba. Mengine yalikuwa juu tu." Dado hakuinua sauti. "Wala siwacheki. Mimi mwenyewe nilivuta za kwanza, na mimi mwenyewe nilimwona mume wangu. Hakuna aliyekosea kuonja. Ila tazameni tulipofika. Kama anayeijua tumbaku ya Godhana ndiye anirithiye, basi Buya ameijua, sikatai, mmesema nyinyi. Lakini na ndama ameijua, tena mmemsifu zaidi. Sasa niambieni. Nikifunga mkeka wangu, nauelekeza kwa nani?"

Nje mtu mmoja alicheka, akafuatwa na wa pili, na baada ya hapo haikuwezekana kumtafuta aliyeanza. Mwanasha alikuwa amejifunika kaniki usoni, kaniki inatikisika.

Mahadi alingoja. Alikuwa mkubwa wa Gasa kwa sababu alijua kungoja. Aliponyamazisha watu, hasira ilikuwa imempungua, na alimtazama Dado muda mrefu, kama mtu anayepima mtumbwi kabla hajaupanda.

"Neno la marehemu halivunjwi," akasema hatimaye. "Alitaka anayeijua tumbaku yake, na leo tumeona kwamba hapa hayupo. Buya hakuijua, alibahatika. Ndama naye," akasafisha koo, "alibahatika. Mpaka atakapopatikana anayeijua, Dado akae alipo. Na akitokea, tutaonja kwa kiko changu."

*

Siku chache baadaye Dado alikuwa shambani akivunja vichipukizi vya tumbaku, mikono inanata, alipomwona Buya amesimama mwisho wa mstari. Alikuwa amesimama kwa muda, na hakuwa amesema neno. Hilo peke yake lilimtia Dado wasiwasi.

"Shemeji, unaumwa?"

"La. Sikuja kwa habari ile. Ile imekwisha, na Mwanasha anaimba nyumba nzima." Alikuwa akiviringisha jani katikati ya vidole. "Nilitaka kusema kitu kimoja tu."

Dado akangoja vitu vingi.

"Nilipokuwa nachanganya," Buya akasema, "nilikuwa naonja, naona si yeye. Naongeza, naona si yeye. Mara nyingine nilisahau habari ya mirathi, nikawa namtafuta tu. Halafu siku ile walivuta wale watatu, wakasema ni yeye. Ukavuta wewe. Hata yule Mwanasha ameniambia alivuta hapa kwako. Mimi ndugu yake, tumbo moja, sikupewa hata mara moja."

Dado akageukia nyumba yake. Tangu siku ya Gasa alikuwa amekitundika kiko, akaapa hatakivuta tena wala hatampa mtu. Alijua sasa jinsi kilivyo. Kila tumbaku mpya inayopita inaacha ya kwake na kuondoka na kidogo cha Godhana. Kukivuta ni kumla. Lakini kifuu kisichovutwa hukauka kikapasuka, na asubuhi hiyo alikwisha kuona ufa mdogo kama unywele karibu na mrija. Kumbe hata ukimweka juu akae salama, anakwenda.

Akafuta mikono kwenye kaniki, akaingia ndani, akatoka na kiko na kaa la moto. Wakakaa barazani, nje ya mlango, kila mmoja upande wake. Akatia maji nusu. Buya alitoa tumbaku yake mwenyewe, ile ya asali ya siafu, akaitoa kwa haya. Dado akaipokea bila maneno, akajaza, akavuta za kwanza, akampa.

Buya akavuta. Maji yakalia. Uso wake, ambao sikuzote ulikuwa unatafuta la kusema, ukatulia, na kwa mara ya kwanza Dado aliona jinsi alivyofanana na kaka yake, chini ya macho pale.

"Ni yeye," Buya akasema.

"Ndiye."

"Alikuwa akitia nini, shemeji?"

"Mwanzoni alitia akili. Mwishoni, nadhani alitia chochote kilichokuwa karibu na mkono."

Buya akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kile kile, kirefu, cha mtu anayefurahi. Dado aligeuza uso akatazama mto mpaka kikaisha. Alipogeuka, Buya alikuwa ameushika mrija tena, amefumba macho, anavuta kwa nguvu zote za kifua chake.

"Taratibu, shemeji," Dado akamwambia. "Usimmalize."